Kipande cha Pili

Kiomboi,
6 Machi 2023

Dk. Ritha Msengi,
Idara ya Saratani,
Hospitali ya Neema,
Singida.

YAH: KUKATWA NYAMA KWA MKE WANGU KWA AJILI YA MASOMO YAKO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mume wa Raheli Kitundu, mgonjwa wako wa saratani ya titi. Nimefundisha shule za msingi za Iramba miaka thelathini na mitatu, kwa hiyo usinijibu kama unayemjibu mtoto.

Tarehe 17 Januari mke wangu alikuja hapo kwa ajili ya dripu ya tatu. Akarudi nyumbani na bandeji mpya. Nilipomuuliza ni ya nini, akasema wamechukua kipande tena. Kipande cha kwanza nakifahamu, kilichukuliwa Oktoba ili ugonjwa ujulikane. Ugonjwa ulishajulikana. Hiki cha pili kilikuwa cha kazi gani?

Siku ya nne pale mlipochoma palivimba, pakatoa usaha, na homa ikampanda hadi akawa ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Nikamrudisha kwenu. Mkamlaza siku sita. Dripu ya nne ambayo ilikuwa aipate tarehe 7 Februari, aliipata tarehe 28. Wiki tatu, Daktari. Wiki tatu ule ugonjwa umekaa ndani yake haukuguswa.

Ndipo nilipopekua mkoba wake nikakuta nakala ya karatasi yenu yenye neno UTAFITI. Kurasa saba. Mwishoni kuna alama ya dole gumba. Mke wangu aliacha shule darasa la pili. Mimi mwenyewe kurasa hizo zilinichukua siku mbili, na nilikuwa na kamusi.

Ukurasa wa sita unasema mwenye malalamiko aandike barua. Nimeandika. Nataka nijue nani alikuruhusu, kipande hicho kiko wapi, na kwa nini mimi mwenye nyumba sikuulizwa. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa msimamizi wako, jina lake liko kwenye karatasi hiyohiyo.

Amosi Kitundu
Mwalimu Mstaafu


Hospitali ya Neema, Singida
14 Machi 2023

Mwalimu Kitundu,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nampa pole mama kwa yaliyompata.

Naomba nifafanue. Mimi ni daktari, na pia ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika utafiti wa tiba ya saratani. Utafiti wetu unachunguza kwa nini kwa baadhi ya wanawake wa mkoa huu uvimbe hausinyai kwa dawa za dripu. Ili kujua, tunalinganisha kipande kilichochukuliwa kabla ya dawa na kingine kinachochukuliwa katikati ya matibabu. Mkeo alipewa maelezo kamili kwa Kiswahili, akaridhia kwa hiari yake, mbele ya shahidi. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, sheria haihitaji sahihi ya mume.

Kidonda kupata uambukizo ni jambo linaloweza kutokea, na limeandikwa kwenye ukurasa wa nne. Kuhusu kuchelewa kwa dripu ya nne, hali hiyo ilichangiwa na kiwango cha damu yake, jambo la kawaida kwa wagonjwa wote wanaopata dawa hizi.

Kipande kimehifadhiwa salama kwenye friji la maabara kwa namba, bila jina.

Naamini maelezo haya yanatosha.

Dk. Ritha Msengi


Dodoma
20 Machi 2023

Ritha,

Nakuandikia kwenye karatasi, sikupigii simu, kwa sababu nataka barua hii ikae kwenye faili lako.

Mwalimu mmoja wa Kiomboi amenitumia nakala ya malalamiko. Kabla sijakuuliza wewe, niliomba daftari la utafiti. Kwenye ukurasa wa mgonjwa namba 19 umeandika: "Kidonda kidogo, kimetibiwa." Kisha nikaomba faili la wodi. Siku sita kitandani, dawa za mshipa, jipu limepasuliwa. Hicho ndicho kidonda kidogo?

Unajua kanuni, maana uliifanyia mtihani ukapata tisini na mbili. Mgonjwa akilazwa kwa sababu ya jambo tulilomfanyia sisi, kamati ya maadili inapata taarifa ndani ya siku saba. Leo ni siku ya hamsini na nane.

Usiniambie habari za damu kuwa chini. Nimeona vipimo. Damu ilikuwa sawa tarehe 6 Februari. Dripu ilisimamishwa kwa ajili ya jipu.

Kuchoma sindano ulikuja unajua. Hapa nakufundisha kuandika kilichotokea, hata kama kinakuaibisha, hata kama kinakuchelewesha kuhitimu. Hilo bado hujalijua.

Andaa taarifa ya kamati, niione kabla ya Aprili 5. Na usimwandikie tena mume wa mgonjwa bila mimi kuisoma barua yako kwanza.

Nirmala Kurji


Kiomboi
27 Machi 2023

Daktari,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia.

Barua yako naambatanisha, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea. Utaona nimepigia mstari maneno "maelezo kamili". Pembeni nimeandika: kamili kwa nani? Nimepigia mstari pia "hali hiyo ilichangiwa". Mtoto wa darasa la tano akiniandikia hivyo najua hapo kuna jambo amelificha, maana sentensi haina mtu ndani yake. Nani alichangia? Nimekupa nne kwa kumi, na hizo nne ni za mwandiko.

Wewe ukoo wako ni Msengi. Ni Mnyiramba kama sisi. Ulishindwa nini kumwambia mama wa watu kwa lugha aliyonyonya? Kiswahili cha mke wangu ni cha sokoni na kanisani. Ukimwambia "hiari" na "sampuli" anaitikia ndiyo kwa sababu ya koti lako jeupe.

Mimi nilimleta mke wangu kwenu mapema, akiwa na nguvu zake, akitembea. Ninyi ndio mliopoteza muda wake. Akifa, sitasema saratani imemuua. Nitataja jina lako, na nitaanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Ninyi ni wezi mnaoiba mkiwa mmevaa glavu.

A. Kitundu


Singida
31 Machi 2023

Mwalimu,

Nimeambiwa nisikujibu. Nakujibu.

Umeniita mwizi. Umenisahihisha kama mtoto. Umeandika kwamba ulimleta mkeo mapema. Sasa faili lake liko hapa mezani kwangu, na ukurasa wa kwanza una maneno yake mwenyewe aliyoniambia Oktoba.

Aliuona uvimbe Februari mwaka jana. Alikuambia wiki hiyohiyo. Ulimwambia asubiri kwanza alizeti itoke shambani. Alizeti ikatoka. Ukamwambia asubiri maombi ya siku arobaini. Maombi yakaisha. Ukamletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mtu wa Mkalama, akanywa miezi miwili hadi ngozi ikapasuka. Nilipomuuliza kwa nini hakuja peke yake, alisema, na nayanakili kama nilivyoyaandika: "Nilikuwa naogopa kumuudhi."

Miezi minane, Mwalimu. Wewe unanidai majibu ya wiki tatu. Haya, tuhesabu zote basi.

Hii nayo isahihishe.

Ritha Msengi


Ihanja
19 Aprili 2023

Daktari Ritha,

Barua hii anaiandika Flora, binti yangu. Mimi nasema kwa Kinyiramba, yeye anaigeuza. Nimemwambia asiongeze adabu.

Barua yako ya mwisho mume wangu aliisoma kwa sauti mbele ya kaka zake wawili na mchungaji. Aliwaita waje wasikie daktari anavyotukana watu wazima. Alianza kwa sauti kubwa. Alipofika pale kwenye alizeti, sauti ikashuka. Alipofika kwenye maneno yangu hakuyasoma, akaikunja karatasi. Kaka yake mkubwa akamnyang'anya, akamalizia yeye.

Kisha wote wakanigeukia mimi.

Wakaniuliza kwa nini natoa siri za nyumba kwa watoto wa mjini. Wakaniuliza ni mume gani anaogopwa, kama amewahi kunipiga. Hajawahi. Nilisema hivyo. Hawakutaka kusikia hilo, walitaka niombe radhi. Sikuomba. Kesho yake nilipanda basi hadi Singida, nikaunganisha kuja huku Ihanja kwa mdogo wangu Happiness, ambaye ameolewa huku. Tarehe 12 ilikuwa siku ya dripu yangu. Sikuja. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha watu nimeangalia ukuta.

Siku ile ya Oktoba ulifunga mlango. Ulisema, mama, tuko wawili tu, niambie. Nikakuambia. Mambo yale sikumwambia hata Happiness. Wewe umeyachukua ukayafanya fimbo ya kumpigia mume wangu, na fimbo imenipata mimi.

Sasa nikuambie na hilo lingine, maana mume wangu anasema sikuelewa, wewe unasema nilielewa, na hakuna kati yenu aliyekuja kuniuliza.

Karatasi ulisoma haraka. Kwenye foleni kulikuwa na wanawake kumi na moja, niliwahesabu. Ulisema, "Tukichukua na hiki kipande cha pili, tutaendelea vizuri na dawa zako." Mimi nikaelewa kwamba nisipotoa, dawa zinaishia hapo. Nikakuuliza, na nikikataa? Simu yako ikaita. Ukaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mama." Hilo si jibu. Nilipaka wino kidole nikabonyeza, kwa sababu nilitaka kuishi.

Kama ningejua kwamba ni kwa ajili ya wanawake wengine, labda ningekubali. Sasa hatutajua.

Nitakuja kuchukua dripu Jumatano ijayo. Anipokee daktari mwingine. Wewe usiingie chumbani.

Raheli
(kwa mkono wa Flora)


Singida
22 Aprili 2023

Dk. Kurji,

Shikamoo.

Naambatanisha barua ya mgonjwa namba 19, na nakala ya barua niliyomwandikia mume wake tarehe 31 Machi kinyume cha agizo lako. Isome kwanza hiyo, ndipo uendelee na hii.

Taarifa niliyokutumia mwanzoni mwa mwezi ilieleza jipu na kulazwa. Haikueleza kwamba nilijua tangu Januari kuwa ni lazima nitoe taarifa. Nilijua. Nilikuwa nimebakiza wagonjwa tisa kufikisha arobaini, na niliogopa kwamba kamati ingesimamisha utafiti. Ndiyo sababu niliandika "kidonda kidogo". Na ndiyo sababu nilimwandikia mume wake kuhusu kiwango cha damu. Ulikuwa uongo.

Kuhusu ridhaa, nimejaribu kukumbuka siku ile. Nakumbuka simu. Sikumbuki swali lake. Lakini naamini aliuliza, kwa sababu neno "usiwe na wasiwasi" ndilo ninalolisema kila siku.

Sina utetezi juu ya siri niliyoitoa. Nilikuwa na hasira, na nilitaka aumie. Nilipofunga bahasha nilijisikia vizuri. Nakuandikia hilo pia.

Amekosa dripu moja kwa sababu yangu. Ile ya nne ilicheleweshwa na sindano yangu, na hii ameikosa kwa kalamu yangu.

Ritha


Dodoma
2 Mei 2023

Ritha,

Nimesoma zote tatu. Sitakufariji, na usinipigie simu ukitarajia nibadilishe sauti.

Utafiti umesimama kuanzia leo. Barua ya kamati utaipata. Wewe hutagusa mgonjwa yeyote wa utafiti kwa miezi sita, na utaanza upya kozi ya maadili, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Uongozi wa hospitali umeambiwa kuhusu siri iliyotoka. Adhabu watakayokupa ni yao, mimi sitawaombea wapunguze.

Jambo moja nataka ulifikirie. Mimi nimezaliwa Singida mjini, na utotoni nilikaa nyuma ya meza ya duka la baba yangu, tukiuza kanga na vitenge. Akina mama wa Iramba walikuwa wanakataa. Wanashika kitambaa, wanakinusa, wanakataa, wanaondoka, wanarudi, wanakataa tena. Sijawahi kuona watu wanaojua kusema hapana kama wale. Nimefungua daftari lako. Wanawake thelathini na mmoja wameombwa kipande cha pili. Thelathini na mmoja wamekubali.

Na mimi nililipitia daftari hilo kila mwezi, nikatia sahihi, nikakusifu kwa kasi yako. Hilo ni kosa langu na nimelitaja kwa kamati.

Sasa mwandikie mgonjwa mwenyewe. Mwambie ukweli kuhusu kipande chake na haki yake. Usiombe kusamehewa, maana hilo utakuwa unamtaka akufanyie kazi nyingine tena.

N. Kurji


Singida
8 Mei 2023

Mama Raheli,

Shikamoo. Flora, tafadhali msomee mama akiwa peke yake. Barua hii sijaituma kwa mtu mwingine yeyote.

Mama, kipande cha pili hakikuwa cha kukutibu wewe. Kilikuwa cha utafiti. Kama ungekataa, dawa zako zingekuwa zilezile, siku zilezile, na usingepungukiwa na kitu. Nilitakiwa kukuambia hivyo ulipouliza. Sikukuambia.

Jipu lilitokana na sindano niliyokuchoma mimi. Dripu yako ya nne ilichelewa kwa sababu ya jipu hilo. Nilimwandikia Mwalimu kwamba ni damu, na haikuwa kweli. Mambo uliyoniambia mlango ukiwa umefungwa yalikuwa yako. Sikuwa na ruhusa ya kuyatoa kwa mtu yeyote, hata kama ningetukanwa mara mia.

Wakubwa wangu wanayajua haya yote, nimewaandikia mimi mwenyewe.

Kipande chako bado kipo kwenye friji. Ni mali yako kukiamulia. Ukisema kibaki, kitabaki kwa ajili ya utafiti wa wengine. Ukisema kiteketezwe, kitateketezwa. Ukikaa kimya, hakuna atakayekigusa. Lolote utakaloamua, matibabu yako hayabadiliki. Jumatano ile ulipokuja kwa dripu ulipokelewa na Dk. Gerald, na ndiye atakayeendelea na wewe hadi mwisho.

Ritha


Ihanja
25 Mei 2023

Daktari,

Flora amenisomea mara tatu. Safari hii nimeelewa yote. Kumbe unaweza.

Kiteketezwe.

Happiness ananiambia nikiache, kitasaidia watu. Labda ni kweli. Lakini mlikichukua kwa hila, na mimi sitaki kitu changu kilichotoka kwa hila kikae kwenye friji ya watu kikiitwa namba. Uandike siku kilipoteketezwa na nani alikuwepo. Karatasi hiyo niletewe mimi, siyo mume wangu.

Dk. Gerald ni mkali lakini anajibu anachoulizwa.

Raheli
(kwa mkono wa Flora)


Singida
1 Juni 2023

Mama Raheli,

Kipande chako kimeteketezwa leo, Alhamisi tarehe 1 Juni 2023, saa nne asubuhi, kwenye tanuri la hospitali. Tuliokuwepo ni mimi, Dk. Gerald, na Laurian wa maabara. Namba yake imefutwa kwenye daftari kwa mstari mmoja wa wino, na sahihi zetu tatu ziko pembeni yake. Nakala ya ukurasa huo iko ndani ya bahasha hii.

Ritha


Kiomboi
2 Agosti 2023

Daktari,

Sikuandikii kukushukuru.

Mke wangu alifanyiwa upasuaji Dodoma tarehe 18 Julai. Titi limetolewa. Wanasema pembeni ya walipokata hakukuwa na ugonjwa, lakini kwapani upo, kwa hiyo atapigwa mionzi. Nilikuwa naye. Kabla ya hapo nilikwenda Ihanja kumfuata mara tatu. Mara ya kwanza shemeji yangu Happiness hakunikaribisha ndani. Mara ya pili nilikaa uani kuanzia asubuhi hadi kuku wanaingia bandani, Raheli hakutoka. Mara ya tatu nilikwenda bila kaka zangu na bila mchungaji, akatoka.

Ulichoandika ni kweli. Nilimwambia asubiri alizeti. Ulikuwa mwaka wa mavuno mazuri, na nilijiambia kwamba uvimbe usiouma hauwezi kuwa kitu. Halafu ulipoanza kuuma, niliogopa, na mtu mzima akiogopa anatafuta wa kumwambia kwamba hakuna jambo. Nikawapata wengi. Nimeishi miaka thelathini na mitatu nikiwaambia watoto wa watu wakubali makosa yao, na langu nilisomewa na kaka yangu mbele ya watu, kutoka kwenye karatasi ya mtoto mwenye umri wa binti yangu.

Ni kweli, na haikuwa haki yako kuyasema. Yote mawili. Sitaki uchukue moja uache jingine.

Raheli akiwa na maumivu sasa ananiambia. Zamani hakuwa ananiambia. Hilo sikulifanya mimi wala wewe, amelifanya yeye.

Barua hii haihitaji majibu.

Amosi Kitundu


Singida
5 Februari 2024

Mama Raheli,

Shikamoo. Natumaini mionzi iliisha salama na mkono hauvimbi.

Nimeruhusiwa kurudi kwenye utafiti tangu Januari, nikisimamiwa. Wale wanawake thelathini waliobaki niliwafuata nikiwa na Dk. Kurji, mmoja mmoja, tukawaambia ukweli. Kumi na wanne wamesema vipande vyao viteketezwe. Wawili walikuwa wameshafariki, tukazungumza na watoto wao.

Karatasi ya ridhaa tunaiandika upya. Ina kurasa mbili. Iko kwa Kiswahili, na kwa Kinyiramba nilichokiandika mimi, ambacho najua kina makosa. Hakuna anayeijua ile ya zamani kama wewe. Ninaomba uisikilize hii, useme ni wapi inadanganya. Ukikataa, sitakuuliza tena, na kliniki yako na Dk. Gerald inaendelea kama kawaida.

Ritha


Kiomboi
3 Machi 2024

Daktari Ritha,

Nimeisikiliza. Flora alisoma, mume wangu akakaa na kalamu yake nyekundu. Kinyiramba chako ni cha mtu aliyekulia bwenini. Amekisahihisha, usikasirike, kilistahili.

Mimi nina yangu. Umeandika "utasikia maumivu kidogo". Futa hilo kidogo. Umechomwa wewe? Andika kwamba inauma kama kuchomwa na mwiba wa mgunga unaozungushwa, na inaisha siku ya pili. Umeandika "tunakushukuru kwa mchango wako" juu kabisa, kabla mtu hajakubali. Huko ni kumfunga mtu aone aibu kukataa. Peleka mwisho, au ondoa kabisa. Na uandike kwamba anaweza kwenda nyumbani akafikirie, arudi siku nyingine. Mimi sikujua kwamba inawezekana kurudi siku nyingine.

Pale uliposema akikataa hapungukiwi dawa, pameeleweka. Paache hivyohivyo.

Mkono unavimba jioni. Dk. Gerald anajua.

Sijakusamehe. Naomba usiandike popote kwamba nimekusamehe, maana nyie mnapenda kuandika. Nimefanya hii kwa sababu ya jirani yangu Amne. Ana uvimbe tangu Desemba na alikuwa ananificha kama mimi nilivyoficha. Nilimwita nyumbani, tukafunga mlango, Flora akaanza kumsomea karatasi yako pamoja na masahihisho yetu. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili Amne akamwambia inatosha, nimeelewa. Dawa anataka. Kipimo cha kwanza anataka. Hicho kipande kingine cha utafiti hataki, amesema mwili wake haujakaa sawa na yeye hapendi sindano.

Anakuja Jumatatu tarehe 11 na basi la asubuhi, mume wake anamsindikiza. Mpokee vizuri, mpe dawa zake. Usimbembeleze.

Raheli Kitundu
(kwa mkono wa Flora, jina nimeandika mwenyewe)